Aliyesimama Kando ya Darlene

Krismasi ya mwaka ule Darlene Vasko alishaipanga tangu majani hayajaanza kudondoka. Kitanda cha binti yake Kinsley kimepakwa rangi ya zambarau, shuka jipya limetandikwa, na hata mbwa wa jirani ameshaambiwa kwamba kuna mtoto anakuja. Usicheke. Mtu aliyekaa miaka miwili akimwona mwanawe Jumapili kwa Jumapili, sebuleni kwa mama mkwe, huku mama mkwe mwenyewe kakaa kochi la pili anajifanya anafuma sweta, ana haki ya kuongea hata na mbwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jaji wa mahakama ya familia alikuwa amesema kwamba kliniki ikimthibitishia kuwa mama huyu ametulia, mtoto atarudi kwake kabla ya sikukuu. Kliniki ikisema vingine, waonane tena kiangazi. Basi, maisha yote ya Darlene yakawa yananing'inia kwenye neno la kliniki.

Kliniki yenyewe ni ya askari wastaafu walioingia kwenye uteja wa dawa za kulevya. Si ya kulazwa. Unakwenda asubuhi, unakaa kwenye duara na wenzako mnasema ya moyoni, unakojoa kwenye kikopo mlango ukiwa wazi, unachukua dawa, unarudi kwako. Iko kwenye jengo lililokuwa duka la viatu, hapa kwetu West Virginia, na mpaka leo ukutani kuna kioo kifupi cha kujitazamia miguu. Lonnie Skaggs, aliyekuwa mwanamaji na asiyejua kufunga mdomo, huwaambia wageni kwamba hapa wanakupima miguu kwanza, mkojo baadaye.

Darlene aliingia humo kwa njia waliyoingia wengi. Alikuwa dereva wa lori jeshini, kule Iraki. Mgongo ukaumia, hospitali ya jeshi ikampa vidonge kama njugu, na siku vidonge vilipokatwa, unga ulikuwa unauzwa nyuma ya kituo cha mafuta. Mume akakimbilia Texas na hajarudi. Mtoto akachukuliwa na bibi yake, Bi. Gwen, na kusema haki, wakati ule bibi hakukosea.

Dawa aliyopewa Darlene ilikuwa ile ya vijikaratasi vyembamba. Unaweka kimoja chini ya ulimi, kinayeyuka, na arosto, yale mateso ya kukosa unga, inakaa mbali. Wenyewe wanaviita karatasi tu. Mwanzoni unapewa ya siku hiyo hiyo, tena muuguzi anakuchungulia mdomoni kama anayenunua farasi. Ukishaaminika unapewa za wiki nzima, unakwenda nazo nyumbani. Lakini kuaminika huko kuna mkia wake. Siku yoyote simu inaweza kulia, unaambiwa leta karatasi zako zihesabiwe kabla ya jioni. Zikipungua, maana yake umeuza au umezidisha. Maana ya tatu hawaijui.

Sasa Sajenti Royce Tackett. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa malori kule jangwani. Siku lori la Darlene lilipolipuliwa likawaka moto, amri ilikuwa kila mtu abaki garini mwake. Royce alishuka akaenda kwa miguu, akaukata mkanda wa Darlene kwa kisu na kumburuta nje nywele zikiwa zimeshaanza kuungua. Baadaye naye akawa teja, akaanguka vibaya kuliko wote, akapona. Kliniki ikamwajiri awe kaka mkubwa wa wenzake, awapigie simu, awapeleke mahakamani, akae nao siku mbaya. Picha yake ilitundikwa karibu na mlango, anacheka. Kwenye duara mtu akisema haiwezekani kuacha, wote humgeukia Royce, naye huinua mkono tu, kama kusema mimi hapa.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, mji mzima umevaa rangi ya chungwa na bunduki zinasikika milimani, Royce alibisha mlango wa jikoni kwa Darlene. Naye alivaa kizibao chake cha chungwa. Darlene akadhani ameletewa nyama.

"Umenipigia kulungu, Sajenti?"

"Nimejipiga mwenyewe, Vasko."

Aliingia akakaa bila kukaribishwa. Darlene akamtazama. Mtu anatokwa jasho na nje kuna barafu. Pua inachuruzika, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vimesimama mikononi kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Daktari angeweza kudanganywa ni mafua. Darlene hakudanganyika hata kidogo.

"Loo! Tangu lini?"

"Tangu tumzike Dale." Dale alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. "Kidonge kimoja tu nipate usingizi. Kimoja, Vasko. Nikajiambia najua ninachofanya."

"Wote tunajua tunachofanya. Nenda kamwambie Bi. Hostetler." Bi. Hostetler ndiye muuguzi mkuu wa kliniki.

"Nikimwambia, kesho sina kazi."

"Bora kukosa kazi kuliko jeneza."

"Na wale kwenye duara? Lonnie? Kila akitaka kurudi kwenye unga ananipigia mimi. Nikianguka mimi wataanguka wangapi? Umelifikiria hilo?" Akajifuta pua kwa kiganja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka meza inagonga. "Nipe karatasi zako nijivute siku hizi mbili tatu. Kuna jamaa ng'ambo ya mto anazo, Jumatatu nakurudishia zote. Nitatoka kwenye hili. Nilishatoka."

"Wakinipigia simu kuhesabiwa?"

"Simu anapiga nani?"

"Wewe."

"Haya basi."

Mtamlaumu Darlene kwamba alikuwa mjinga. Mlaumuni, lakini nendeni kwanza mkakae kwenye lori linalowaka. Mtu aliyekukata mkanda motoni humwambii ngoja nifikirie. Jeshini waligawana maji, waligawana soksi, waligawana hata sigara ya mwisho kwa kupokezana midomo, na aliyeficha chake alidharauliwa kuliko mwoga. Darlene alifungua kabati, akampa boksi achukue. Royce akazichukua karibu zote. Mwenye nyumba akabaki na za kujibana, akajua hizo siku atakuwa analala kwa tabu na kuamka mifupa inauma.

Royce alimbusu kwenye paji la uso. "Hili sitalisahau, mdogo wangu."

"Nenda kalale. Unanuka."

Wakacheka wote wawili.

Jumatatu mchana simu ikalia. Darlene alikuwa anakunja nguo za watu kwa dobi anakofanyia kazi.

"Vasko. Tackett hapa, kliniki. Leta dawa yako ihesabiwe kabla ya saa kumi."

Basi. Hakuna habari yako, hakuna umelalaje. Wewe na mimi tungeogopa. Darlene, jamani, alitabasamu! Maana sauti ile aliijua. Ndiyo sauti ya redioni, ile kavu, ya taratibu, ambayo Royce aliitumia barabarani wakati mambo yameharibika kweli kweli. Kule jangwani akisema kwa sauti hiyo geuza kushoto, unageuza, huulizi, kwa sababu redio inasikilizwa na adui na Sajenti hawezi kueleza mpango wake hewani. Wewe endesha tu. Ukifika utakuta amekwisha kupanga kila kitu. Hakuna hata mara moja waliyofika wakakuta hajapanga.

Kwa hiyo Darlene akamuaga bosi wake, akachukua boksi lake lenye karatasi mbili kavu, akaendesha gari mpaka kliniki huku anapiga mluzi.

Alitarajia Royce amngojee kwenye maegesho ampe kitu chini chini. Hayupo. Akasema labda yuko mlangoni. Hayupo. Ndani akamkuta kwenye mashine ya kahawa, amenyoa, shati limepigwa pasi, uso umenawiri kama mtu aliyetoka likizo. Bila shaka ungenawiri, mwenyewe alikuwa amekula karatasi za watu.

"Habari yako, Vasko," akasema, akamwaga sukari kikombeni.

Darlene akajibu nzuri. Bado hakuogopa. Akajiambia Sajenti atakuwa ameongea na muuguzi, au ameziweka mahali, subiri.

Bi. Hostetler alimwaga boksi mezani. Akatazama. Akalikung'uta, akaingiza vidole ndani kuona kama kuna iliyonasa. Kisha akavua miwani. Ni mama mzito, mwenye huruma, anayewaokea wagonjwa biskuti, na huruma yake ndiyo iliyomtisha Darlene.

"Darlene mwanangu, nyingine ziko wapi?"

Darlene akamtazama Royce. Royce akawa anatazama viatu vyake kwenye kile kioo kifupi.

"Darlene, nakuuliza."

Alikuwa anasubiri. Mpaka hapo, maskini ya Mungu, alikuwa bado anasubiri mpango. Royce akaweka kikombe chini, akavuta kiti akakaa mbele yake, mikono magotini, kainama kidogo kama anavyofundisha wengine wainame mtu anapoumia.

"Vasko, hapa hakuna anayekuhukumu. Sema tu."

"Niseme nini, Sajenti?"

"Ukweli."

Darlene alimtazama machoni, akatafuta dalili yoyote, kope, kidole, chochote. Hakukuwa na dalili. Hapakuwa na mpango. Mtu huyu alikuwa amempigia simu akijua, amekunywa kahawa akijua, na sasa ameketi pale anamtaka aseme ukweli.

"Nilikupa wewe," akasema. "Jumamosi, jikoni kwangu. Ulikuwa unatetemeka."

Wale wa kwenye duara walikuwa wamekwisha kusogea mlangoni, Lonnie mbele.

Royce hakukasirika. Laiti angekasirika! Alitikisa kichwa polepole, kwa upole, akasema kwa sauti ile ile ya redioni, "Nilikuwa hivi hivi. Siku niliyobanwa mimi, nilimsingizia mke wangu. Ugonjwa huu ukikubana unatafuta wa kumbebesha, na unamchukua aliye karibu. Sina kinyongo na wewe, Vasko. Nataka ulijue hilo."

"Royce, mimi nilikupa kwa mkono wangu huu!"

"Najua unaumia."

"Mpimeni!" Darlene alishasimama, kiti kimeanguka nyuma. "Si mna vikopo? Mpimeni mkojo sasa hivi muone!"

"Nipimeni," Royce akasema, akanyanyuka pale pale. Akanyoosha mkono. "Bi. Hostetler, nipe kikopo. Kama kitamsaidia, nipe."

Rafu ya vikopo ilikuwa nyuma ya bega la muuguzi. Hakuhitaji hata kunyanyuka. Angenyoosha mkono tu, na Kinsley angekula Krismasi kwa mama yake. Lakini Bi. Hostetler aliitazama picha ukutani, akamtazama na mwenye picha, macho yakamjaa machozi.

"Hapana, Royce. Sitakudhalilisha hivyo."

Royce akaushusha mkono. Hakuushusha haraka. Alijua wala hatapewa. Alimjua mama yule kama alivyojua barabara zote za kule jangwani, na hapo ndipo alipokuwa amepanga.

"Umemkosea sana mzee huyu," Lonnie akasema kutoka mlangoni. Safari hii hakuwa na utani. "Ametubeba sote. Beba lako, Vasko."

"Beba lako, dada," mwingine akadakia nyuma yake. Ni maneno ya duara hayo, Royce ndiye aliyewafundisha. Darlene mwenyewe aliwahi kuwaambia wenzake maneno hayo, tena kwa kujiamini kabisa.

Alhamisi ilikuwa mahakama. Kliniki huwa inampa kila mtu mwenzake wa kusimama naye mbele ya jaji, askari kwa askari, ili asijione peke yake. Darlene aliwapigia akaomba wampe mwingine, au wasimpe kabisa. Akajibiwa kwamba Royce amesema atakwenda licha ya yote yaliyotokea, na huo ni moyo wa ajabu.

Alikuja amevaa suti, nishani zake kifuani. Bi. Gwen na Kinsley walikuwa wamekaa benchi la nyuma, mtoto amesukwa nywele na kuvalishwa koti jekundu. Alimpungia mama yake kwa vidole viwili, kwa aibu ya mtoto wa miaka kumi na moja asiyejua kama inaruhusiwa.

Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, alisoma taarifa ya kliniki akainua kichwa. Darlene akafungua mdomo. Wakili wake, kijana wa kupewa na serikali, akamfinya kiwiko.

"Usithubutu," akanong'ona. "Ukimshambulia yule mtu mwenye nishani utapoteza hata hizo Jumapili. Nakuomba."

"Anadanganya."

"Sawa, anadanganya. Nyamaza."

Jaji akauliza kama mwenzake ana la kusema. Royce akasimama, akaweka kiganja begani kwa Darlene. Ni bega lile lile alilolishika kumtoa kwenye moto. Darlene alitamani kuking'ata kile kiganja, lakini alikuwa anatazamwa na jaji, na mkwe, na mtoto, kwa hiyo alisimama wima kama gwaride.

"Mheshimiwa," Royce akasema, "huyu mama nilimwona jangwani akiendesha lori lenye mafuta usiku bila taa, ili wengine wafike salama. Ameteleza. Sote tuliteleza, hata mimi. Usimfungie mlango. Mimi mwenyewe nitakuwa naye kila hatua. Naapa kwa jina la wenzetu waliobaki kule."

Karani alikuwa anajifuta macho. Jaji naye alikohoa kwanza ndipo akaweza kusema. Akasema mtoto atabaki kwa bibi yake mpaka kiangazi. Darlene arudi kwenye dawa ya kila siku, afunguliwe mdomo kila asubuhi. Alikuwa amefikiria kuzifuta na Jumapili, akasema, lakini kwa heshima ya aliyozungumza Sajenti Tackett, anaziacha.

"Mshukuru mwenzako, Bi. Vasko. Si wengi wenye mtu kama huyu."

Wakangoja. Wote wakangoja. Kiganja bado kiko begani.

"Asante, Sajenti," Darlene akasema.

Nje, kwenye korido, Kinsley alimpita mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwanaume mwenye nishani, akamkumbatia kiunoni.

"Asante kwa kutomtupa mama yangu."

Royce akainama akampiga piga mgongoni, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa. Mnafiki mwenye machozi ya uongo unaweza kumsahau. Huyu alikuwa anamlilia Darlene kweli, anampenda kweli, na alikuwa amemuuza mchana kweupe.

Darlene akachuchumaa, akamshika mwanawe mikono yote miwili.

"Kinsley, nitazame. Mama hakuuza dawa. Sikuzidisha. Nilimpa mtu aliyekuwa mgonjwa."

"Nani?"

Royce alikuwa amesimama palepale, kitambaa mkononi. Bi. Gwen alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. Wakili alishaondoka. Darlene alijua hilo swali halitaulizwa tena na mtu yeyote duniani.

"Sajenti," akasema.

Kinsley akamtazama Royce, kuanzia viatu mpaka nishani. Akamgeukia mama yake. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa mtu mzima anayerudi kazini.

"Mama, kwanza ulisema kosa ni la daktari. Halafu ukasema ni la Baba."

"Najua. Najua nilisema. Lakini hii ni kweli, mwanangu."

"Hata hayo ulisema ni kweli." Akatoa mikono yake taratibu, asimuumize, akamshika mama yake begani kidogo kama bibi yake anavyomfanyia yeye akianguka. "Usimseme vibaya, Mama, tafadhali. Ndiye peke yake aliyebaki upande wako."

Kisha akamfuata bibi yake wakaenda kutafuta gari.